Bryn Jones wa Muslimgauze: nimwelezeje mtu aliyezitetea kwa ngoma nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga?

Mtangazaji wa Tanga

Assalaam alaikum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote. Ninatayarisha kipindi cha redio cha nusu saa kuhusu mwanamuziki mmoja Mwingereza, Bryn Jones, ambaye karibu kazi zake zote zilitoka kwa jina la Muslimgauze, na nimekwama mahali ambapo kusoma zaidi hakunisaidii.

Kwa wasiomfahamu, alizaliwa Salford, jirani na Manchester, tarehe 17 Juni 1961. Alianza kutoa muziki mwaka 1982 kwa jina la E.g Oblique Graph. Mwaka huohuo majeshi ya Israeli yaliivamia Lebanon, na yeye mwenyewe alieleza kwamba uvamizi ule ndio uliomfanya aanzishe Muslimgauze mwaka uliofuata. Tangu hapo mpaka alipofariki, tarehe 14 Januari 1999, akiwa na miaka 37, alitoa albamu zaidi ya 90, akizitunga peke yake, nazo zilibeba majina na picha za Palestina, Iran, Afghanistan, Iraki, Libya na kwingineko. Hakuwa Mwislamu, wala hakuwahi kufika Mashariki ya Kati. Alipoulizwa juu ya hilo, alijibu kwamba haifai kutembelea nchi iliyokaliwa kwa nguvu mpaka itakapokuwa huru.

Juma lililopita nilimsikilizisha mzee mmoja wa mtaani kwetu albamu yake ya mwaka 1992 iitwayo Zul'm. Nilipomtajia jina, mzee alitabasamu, akasema hilo ni neno letu pia, kwani ndilo lililotupa dhuluma. Akasikiliza kwa utulivu kama dakika kumi, ngoma zikizunguka na sauti za watu zikipita kwa mbali, kisha akaniuliza mbona huyu aliyedhulumiwa hasemi kitu. Sikuwa na jibu. Muziki wenyewe hauna mashairi. Siasa yote iko kwenye majina, picha na tabaruku za majalada. Sasa ninaomba mnisaidie: je, nimweleze kama mtetezi wa watu wasiosikilizwa, au kama mtu aliyetumia mateso ya wengine kama rangi ya kupamba kazi yake? Na mtu mmoja aliwezaje kutoa albamu nyingi namna hiyo?

Fundi wa Kanda, Nairobi

Wa alaikumu salaam, ndugu Mtangazaji. Nimefanya kazi ya kurekodi na kuchanganya sauti kwa miaka mingi, na nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu kwa mtu huyu namna alivyofanya kazi ndiyo inayofungua mengine yote.

Jones alikulia katika kivuli cha muziki wa viwandani wa Uingereza, unaoitwa industrial kwa Kiingereza. Jina hilo lilitokana na lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Industrial Records, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kundi la Throbbing Gristle, ambalo lilivunjika mwaka 1981, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Jones kutoa kazi yake ya kwanza. Kundi lile liliwaachia vijana wa wakati ule mambo mawili. La kwanza ni kwamba mngurumo wa mashine, sauti iliyonaswa redioni na kanda iliyokatwa kwa wembe ni malighafi halali ya muziki kama ilivyo gitaa. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni kwamba mtu anaweza kutoa kazi zake mwenyewe kutoka chumbani kwake, nakala mia chache, bila kusubiri kampuni yoyote impe ruhusa. Jones aliyachukua yote mawili na kuyashika mpaka mwisho. Kazi zake za miaka ya 1980 zilitoka kwa sehemu kubwa katika lebo ndogo alizoziendesha mwenyewe.

Vifaa vyake vilikuwa vya kizamani hata kwa wakati wake. Hakutegemea kompyuta. Alipiga ngoma kwa mikono yake, akanasa, akatengeneza vitanzi. Kwa wasiojua, kitanzi cha kanda ni kipande cha ukanda wa sumaku kilichokatwa na kuunganishwa ncha kwa ncha, ili sauti ya sekunde chache ijirudie bila kikomo. Juu ya mzunguko huo aliweka ngoma nyingine, vinanda, na vipande vya sauti za watu wakisema au wakiimba. Katika kazi za miaka yake ya mwisho alizidisha nguvu ya sauti kupita uwezo wa mashine, mpaka ngoma ikawa inakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya zege, kisha ghafla akaikata kabisa, ukabaki ukimya wa nusu sekunde, na ngoma ikarudi. Ukisikia ukimya huo kwa mara ya kwanza utadhani spika imekufa. Kwangu mimi, hapo ndipo alipokuwa bwana wa kazi yake, na wengi waliokuja baadaye kwenye muziki wa dansi wa kielektroniki wamejaribu kumwiga bila kufikia ukali ule.

Sasa kuhusu wingi. Kati ya mwaka 1990 na 1992 alikuwa na lebo ya Extreme ya Australia, iliyotoa Intifaxa, kisha United States of Islam, kisha Zul'm, kila moja kwa mwaka wake. Mwendo huo ni wa kawaida kwa mwanamuziki yeyote, lakini kwake yeye ulikuwa kama kumfunga ng'ombe wa maziwa asikamuliwe. Baadaye akategemea zaidi lebo mbili, Staalplaat ya Amsterdam na Soleilmoon ya Portland, Marekani, na hapo mlango ukafunguka. Alikuwa akimaliza kazi, anaiweka kwenye kanda ya dijitali ya DAT, anaituma kwa posta, na kabla lebo haijaitolea jalada, kanda nyingine imeshafika. Staalplaat ililazimika kubuni mpango wa wasikilizaji kulipia kabla, ili wapokee matoleo ya nakala chache kadiri yanavyotoka. Mwaka 1996 ilitoka Fatah Guerrilla, ambayo peke yake ni CD tatu katika kasha moja, na haikuwa kazi pekee ya mwaka ule. Ukigawa albamu hizo 90 na zaidi kwa miaka 16, utapata tano au sita kila mwaka, ingawa hazikugawanyika sawasawa na mzigo mkubwa uko katika miaka ya mwisho.

Kwa hiyo usimweleze kama mtu aliyetajirika kwa majina ya nchi za watu. Matoleo ya nakala mia tano au elfu moja hayamtajirishi mtu, na maonyesho ya jukwaani aliyofanya ni machache mno. Mwisho wa Desemba 1998 alilazwa hospitalini Manchester kwa maambukizi adimu ya kuvu katika damu, na wiki mbili baadaye akafariki. Kanda alizoziacha kwenye makabati ya lebo zimeendelea kutolewa kwa zaidi ya miaka 20, kiasi kwamba orodha ya kazi zake iliendelea kurefuka wakati mwenyewe yuko kaburini.

Nimesikiliza karibu thuluthi ya kazi hizo, na nitasema wazi kwamba nyingi ni rasimu. Kuna mapigo aliyoyarudia albamu baada ya albamu kwa mabadiliko madogo. Mtu anayefanya kazi peke yake hana wa kumwambia kwamba hii bado, irudishe jikoni.

Mpiga Dumbak wa Unguja

Ninamshukuru Fundi kwa maelezo yake, lakini ninaomba nitofautiane naye kidogo, kwa sababu amesikiliza mashine na mimi nimesikiliza ngoma.

Ngoma inayotawala kazi nyingi za Jones ni ileile ambayo sisi wapigaji wa taarab tunaiita dumbak. Nimeipiga tangu nikiwa kijana, na nilipoisikia kwake nilifurahi kwa dakika mbili, kisha nikaanza kuhangaika bila kujua sababu. Baadaye nilielewa. Katika taarab dumbak humsikiliza mwimbaji. Mwimbaji akiuvuta ubeti, unampisha. Akishusha pumzi, unajaza. Kinanda kikijibu, unakipokea. Pigo lina swali na lina jibu. Katika kitanzi cha Jones swali linaulizwa mara mia nne, na jibu limekatwa kwa wembe. Ngoma haina wa kumsikiliza.

Sisi pia tuliazima, na ni vema kipindi chako kiseme hivyo. Inasimuliwa hapa Unguja kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze muziki, na kwamba ndiko taarab yetu ilikopata mbegu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905 kiliimba kwa Kiarabu. Alipokuja Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, muziki ule ulikwisha kuingia kwenye Kiswahili na kusema mambo ya watu wa Ng'ambo, yaani mitaa ya wanyonge ya mji wa Unguja, pamoja na dhuluma walizofanyiwa. Angalieni njia hiyo ilivyokuwa ndefu: mtu alisafiri, akakaa chini ya mwalimu, akarudi, na bado ilihitaji muda mpaka ngoma ikapata maneno ya hapa. Jones alikata safari yote hiyo. Alikuwa na maktaba, magazeti, redio na santuri, na hasira ambayo mimi siitilii shaka hata kidogo. Lakini hakukaa chini ya mwalimu yeyote.

Mzee wako ameuliza swali ambalo wachambuzi wengi wa muziki hawakuliuliza. Sauti zinazopita katika kazi zile ni za watu halisi: kuna anayezungumza, kuna anayeimba, kuna mwanamke anayelia au anayecheka, huwezi kujua kwa sababu amekatwa katikati. Katika majalada niliyoyashika sijaona hata moja linalowataja watu hao. Mtu anayetetea wasiosikilizwa angeanza kwa kuwaacha wamalize sentensi.

Mkaazi wa Maskati

Ninaandika kutoka Oman, ingawa kwetu asili ni Pemba. Ninaongeza jambo moja tu kuhusu jina, kwa kuwa wasikilizaji wa redio watalisikia na kudhani ni jina la kidini. Ni mchezo wa maneno ya vitambaa. Kile kitambaa chepesi cha pamba tunachokiita melimeli Waingereza hukiita muslin, na gauze ni shashi, ile ya kufungia vidonda. Jones alibadilisha herufi moja tu ya mwisho katika neno la kwanza, n ikawa m, na melimeli ikageuka kuwa Mwislamu. Kwa mtu wa Manchester mchezo huo una uzito wake, maana mji ule ulijengwa na viwanda vya pamba, na sehemu ya kanga walizovaa bibi zetu zilichapwa huko kabla ya kupakiwa melini kuja pwani yetu. Mimi ninapolisikia jina hilo ninaiona shashi juu ya jeraha. Sijui kwamba alikusudia hivyo kila mara, lakini limebaki kichwani mwangu namna hiyo.

Mwalimu wa Kisauni

Ndugu Mtangazaji, shika neno la Mkaazi wa Maskati kuhusu jina, lakini usilitumie kukwepa majina mengine. Baadhi ya albamu zake zinataja makundi yenye silaha, na si kwa kuyachunguza. Moja ya mwaka 1993 inamhimiza msikilizaji alipigie kura kundi mojawapo. Mimi ninafundisha watoto ambao wengine wao wameona kwa macho yao matokeo ya mabomu hapahapa Afrika Mashariki, na siwezi kulichukulia jina la kundi linalobeba bunduki kama pambo la jalada. Kuwahurumia Wapalestina ni haki kabisa, na mimi ninawahurumia. Lakini mtu aliyekaa Manchester hakulipa gharama yoyote kwa majina aliyoyachagua. Raia wa pande zote waliokuwa wakiishi chini ya makundi hayo na chini ya ndege za waliopigana nayo ndio waliolipa. Kipindi chako kitasikilizwa na vijana. Yataje majina hayo, ueleze yalikuwa na maana gani wakati ule, na useme wazi unayafikiriaje.

Fundi wa Kanda, Nairobi

Mwalimu amesema kweli, na mimi nilipita juu ya jambo hilo kwa haraka kuliko inavyostahili.

Kwa Mpiga Dumbak ninapenda kujibu kwa heshima. Umesema kitanzi kinaikata ngoma kabla haijapata jibu, na kwa sikio la taarab hilo ni kosa. Lakini muziki wa viwandani ulizaliwa kuonyesha hasa hali hiyo: mtu aliyewekwa ndani ya mzunguko asiouanzisha na asioweza kuusimamisha, mfanyakazi mbele ya mashine, mfungwa ndani ya chumba. Jones alipouchukua mzunguko huo na kuutia ngoma ya Mashariki ya Kati, alikuwa anasema, kwa njia pekee aliyoijua, kwamba habari za vita zinarudi kila jioni kwenye runinga ya Uingereza na hakuna anayezijibu. Swali linaloulizwa mara mia nne bila jibu ni maelezo sahihi ya miaka ile kama yalivyoonekana na mtu aliyekaa mbali. Hayo ni maelezo ya msikilizaji wa mbali, ninakubali. Sidhani kwamba ni ya mwizi.

Ila kuhusu watu waliokatwa bila kutajwa, huko sina utetezi. Afadhali nikupe mfano wa kulinganisha. Hapa Nairobi alizaliwa KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Naye hufanya kazi peke yake kwa sauti za majaribio, na albamu yake Peel, iliyotolewa mwaka 2020, ilimfikisha mbali. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, iliyojengwa juu ya rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji. Ni kitendo kilekile cha kuchukua sauti ya mtu aliyerekodiwa na wengine na kuipitisha kwenye mashine. Tofauti ni kwamba kwa KMRU suala la nani alichukua sauti hizo, na kwa nini zimekaa mbali na wenyewe, ndilo kiini cha kazi. Jones hakuwahi kulielekeza swali hilo kwake mwenyewe. Angeishi zaidi ya miaka 37 huenda angefika huko, kwa maana hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja, lakini kazi tuliyonayo ndiyo hiyo.

Mpiga Dumbak wa Unguja

Fundi, maneno yako kuhusu mzunguko yamenigusa, na jana usiku nilirudi kusikiliza Zul'm kwa kulifikiria hilo. Bado mikono yangu ilitaka kujibu. Labda hicho ndicho kipimo cha haki kwake, kwamba ameniachia nafasi nami nikaisikia. Malalamiko yangu kuhusu majina ya waimbaji siyaondoi.

Mtangazaji wa Tanga

Ninawashukuru wote, hasa kwa kutoniachia jibu jepesi. Nimeamua hivi. Nitaanza na melimeli na shashi, kwa sababu kila mama anayesikiliza redio saa ile anavijua vitambaa hivyo, kisha nitaeleza chumba cha Manchester, kanda za DAT na posta ya kwenda Amsterdam. Nitayataja majina ya makundi yenye silaha na kusema kwamba mimi siyakubali kwenye jalada, na kwa nini. Sitamwita mtetezi wala mnyang'anyi. Nitamwita msikilizaji wa mbali aliyekasirika kwa dhati na kufanya kazi bila kupumzika na bila wa kumsahihisha, na nitaeleza kwamba upweke huohuo uliompa nguvu ya kutoa albamu 90 ndio uliomfanya asimsikie aliyekuwa anamkata katikati ya sentensi.

Swali la mzee nitaliweka kama alivyoliuliza. Na ninamwomba Mpiga Dumbak, ikiwa ana nafasi kabla ya Alhamisi, anirekodie dakika mbili kwa simu tu, akiwa peke yake na dumbak yake: nitacheza kitanzi cha Jones, nitakizima pale penye ukimya, na yeye ataingia na jibu.